Kakamega Tumepimwa Sana. Tumeulizwa Mara Ngapi?

Leo ni historia, lakini hatutoki nyumbani.

Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kuhusu ardhi za wenyeji. Sheria ilisema ardhi iliyotengewa Waafrika itakuwa yao daima. Ikaweka na masharti: kama serikali itahitaji kipande kwa manufaa ya umma, lazima iwape watu kipande kingine cha ukubwa uleule, na kwanza ishauriane na wenyewe. Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikapatikana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa haraka haraka. Ardhi kwa ardhi? Hapana, sasa pesa zinatosha. Kushauriana na baraza la wenyeji kwanza? Si lazima.

Kwa hivyo "daima" ilidumu miaka miwili.

Naleta hii stori kwa sababu siku hizi huwezi kukaa stendi ya boda pale Khayega dakika kumi bila kusikia mambo mawili: uzio wa umeme wa kuzunguka msitu, na dhahabu ya Ikolomani. Na watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema, "Nyinyi hamjasoma, waachieni wataalamu." La pili linasema, "Wataalamu wote wamenunuliwa, tusikilize wazee tu."

Mimi naona makundi yote mawili yanaturudisha 1932. Nitawaambia kwa nini.

Kila uamuzi kuhusu mazingira una maswali mawili ndani yake. La kwanza: tukifanya hivi, nini kitatokea? Maji yatapungua? Miti itarudi? Samaki watakufa? Hilo ni swali la sayansi, na hulijibu kwa kupiga kelele. Unalijibu kwa kupima. La pili: nani atabeba mzigo, nani atakula faida, na huyo wa kubeba mzigo amekubali? Hilo hakuna darubini itakayokujibu. Linajibiwa na watu, wakiwa wameketi mahali pamoja na wana habari kamili.

Ukijibu moja ukaruka lingine, unapata uamuzi nusu. Na historia ya Kakamega, ukiisoma vizuri, ni historia ya maamuzi nusu.

Jiwe lilipimwa, mwenye shamba hakuulizwa

Turudi kwa dhahabu. Baada ya 1931 wazungu walimiminika hapa kwa mamia. Wengi walikuwa wakulima waliofilisika kwa sababu bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima, na hapa waliona pa kujiokoa. Serikali yenyewe ilikuwa imekauka mfukoni. Ikamleta mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, aliyekuwa ameongoza idara ya jiolojia kule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka wa 1932 akazunguka eneo hili, akachunguza mawe, akaandika ripoti.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganya mambo. Sina shida na kazi ya Kitson. Kama kuna dhahabu kwenye mwamba, ipo, hata kama huipendi serikali iliyomtuma aliyeiona. Shida ni kwamba ripoti ya jiwe iligeuzwa ruhusa. Kutoka "dhahabu ipo" wakaruka moja kwa moja hadi "kwa hivyo tunachimba, na mwenye shamba atapewa kitu kidogo". Katikati ya sentensi hizo mbili kulikuwa na swali zima, na hilo swali lilifutwa kwa kalamu.

Lilifutwa wapi? Katika Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi. Na unajua Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo aliingia lini? Ni Eliud Mathu, mwaka wa 1944. Yaani siku ile ya Desemba 1932, wakati ardhi ya watu wa North Kavirondo inajadiliwa, hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja mwenye kiti mle ndani. Waswahili walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Mgodi mkubwa uliobaki kwenye kumbukumbu ni Rosterman. Ulifungwa 1952. Leo ukitaja Rosterman watu wanafikiria mtaa, nyumba za kupanga na matatu. Lakini mtaa huo umekaa juu ya jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza mapema: dhahabu ikiisha, kampuni ikiondoka, nani anabaki na mashimo? Tunabaki nayo sisi. Na ndiyo maana hadi leo mtu akionekana shambani na kifaa cha kupimia, mzee anatoka nyumbani na fimbo kabla hata ya salamu. Wengine wanaita huo ujinga. Mimi naona ni kumbukumbu.

Msitu wenye jedwali lisilo na safu ya kukhu

Mwaka wa 1933, miezi tu baada ya ile sheria kuchezewa, msitu wa Kakamega nao ukatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi.

Kama hujawahi kuingia, ingia siku moja, uko karibu tu. Ule si msitu wa kawaida. Ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha ile aina ya misitu ya mvua iliyotanda Kongo. Ndege ni zaidi ya spishi 300. Kuna mbega, kuna kima, na kule Kisere kuna kima mwenye ndevu nyeupe, De Brazza, ambaye Kenya hii humpati sehemu nyingi. Mto Yala unapita upande wa kusini, Isiukhu upande wa kaskazini. Kwa hivyo kuulinda lilikuwa wazo zuri, na mtu asinielewe vibaya hapo.

Lakini tazama ulilindwa vipi. Misitu ya kikoloni ilisimamiwa kwa sayansi ya mbao. Afisa alihesabu mti kwa ujazo: huu utatoa mbao kiasi gani, huu una bei gani. Kwenye hilo jedwali kulikuwa na safu ya mti ambao wafanyabiashara waliuita Elgon teak. Hakukuwa na safu ya gome ambalo kukhu alichemsha mtoto akiumwa na tumbo. Hakukuwa na safu ya mahali vijana walipelekwa wakati wa tohara. Hakukuwa na safu ya kuni, uyoga, nyasi za kuezekea, wala malisho.

Matokeo yake ni kitu ambacho bado tunakiona. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani akawa mhalifu, na lori la mbao likawa na leseni. Kwa miongo kadhaa miti mikubwa ilitolewa kwa utaratibu kabisa, na stakabadhi juu. Sehemu nyingine zilikatwa zikapandwa misonobari na miti mingine ya kigeni kwa ajili ya mbao. Msitu ulilindwa dhidi ya wanyonge na kufunguliwa kwa wenye karatasi.

Je, hiyo ilikuwa sayansi? Ndiyo, kwa sehemu. Hesabu zilikuwa sahihi. Lakini mtu anayechagua nini kihesabiwe ameshaamua nusu ya jibu kabla ya kupima chochote.

Kaa wa mtoni

Ili nisionekane nachukia wanasayansi, hii hapa stori nyingine. Ni ya magharibi mwa Kenya, na nashangaa kwa nini hatufundishwi.

Kulikuwa na ugonjwa wa upofu unaoletwa na inzi mdogo mweusi wa kando ya mito, usubi. Watu walikuwa wakiwashwa ngozi hadi inakuwa kama ya mjusi, halafu macho yanakwenda. Wataalamu walijua inzi anayebeba ugonjwa. Hawakujua viluwiluwi vyake vinaishi wapi. Walitafuta kwenye mawe ya mtoni, kwenye majani, wapi, hakuna. Mwaka wa 1950 watafiti wawili, van Someren na McMahon, wakatangaza walichogundua: viluwiluwi vilikuwa vimejishikilia kwenye migongo ya kaa wa mtoni. Kaa! Watoto wa mtoni waliwashika kaa hao kila siku.

Tayari kule Nyanza walikuwa wamefyeka vichaka na kumwaga DDT mtoni miaka ya 1940. Miaka ya 1950 kazi ikapanuliwa mto baada ya mto, na kufikia katikati ya muongo huo inzi huyo alikuwa ameangamizwa karibu kote nchini. Kuna watu wazima leo wanaona kwa sababu babu zao waliokolewa macho. Hiyo ni sayansi, na mimi naivulia kofia.

Lakini DDT haichagui mdudu. Mwaka wa 1962 Rachel Carson alipotoa kitabu chake Marekani, dunia ikaanza kuelewa kwamba sumu hiyo inakaa kwenye mazingira, inapanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki hadi kwa ndege. Sisemi mito ingeachwa. Kama ungewauliza watu wa kando ya mto wachague kati ya samaki na macho, nadhani wangechagua macho. Ninachosema ni kwamba chaguo hilo lilikuwa lao kulifanya, na uamuzi ulifanywa na idara. Hata jibu likiwa sahihi, mtu anayekunywa hayo maji ana haki ya kuulizwa.

Funga, fungua, funga

Uhuru ukaja, na labda ulitegemea mambo yatabadilika. Yalibadilika kidogo. Mwaka wa 1967 vipande viwili, Isecheno na Yala, vikawekwa kando kama hifadhi za asili ndani ya msitu. Miaka ya 1980 upande wa kaskazini, Buyangu pamoja na Kisere, ukafanywa hifadhi ya kitaifa, na leo unasimamiwa na KWS. Kusini kukabaki kwa idara ya misitu, leo KFS. Msitu mmoja, sheria mbili. Upande mmoja unalipa kibali na kuokota kuni kavu, upande mwingine ukishikwa na kuni unalala ndani. Mwambie mama wa Shinyalu na mama wa Buyangu wakueleze sera ya misitu ya Kenya. Kila mmoja atakupa nchi yake.

Halafu kuna kipindi cha amri. Hapa sayansi na jamii zote ziliachwa nje ya mlango.

Mwaka wa 1986 ikaja Nyayo Tea Zones: ukanda wa majani chai kuzunguka misitu ya serikali ili kuwa ukuta kati ya watu na miti. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa graundi, mahali pengi ukanda huo ulipandwa ndani ya msitu wenyewe, yaani miti ilikatwa ili kuilinda miti. Kakamega tuna chai hiyo mpaka leo.

Mfumo wa shamba nao, ule wa kulima mahindi katikati ya miche ya miti ya serikali, ukapigwa marufuku kwa amri miaka ya 1980. Ukarudi. Ukapigwa marufuku tena 2003. Ukarudi kwa jina jipya, PELIS, baada ya Sheria ya Misitu ya 2005. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ukasimamishwa kwa siku 90. Hizo siku 90 zikaongezwa na kuongezwa hadi zikafika miaka mitano. Julai 2023 rais akatangaza marufuku imeondolewa.

Uone hiyo picha. Funga, fungua, funga, fungua. Mtu aliyepanda mahindi chini ya mfumo halali anaamka Jumatatu akiwa mvamizi. Mwenye kiwanda kidogo cha mbao anafunga, vijana aliowaajiri wanarudi kukaa maskani. Sijasema kila amri ilikuwa mbaya. Misitu ilikuwa inaumia kweli. Lakini amri isiyosimama juu ya vipimo wala makubaliano inasimama juu ya mtu mmoja, na huyo mtu akibadilisha mawazo au kiti, nayo inabadilika.

Wazee na setilaiti

Sasa twende kwa mifano inayonipa matumaini.

Kati ya 2001 na 2010 hapa Kakamega kulikuwa na mradi mkubwa wa utafiti, BIOTA, uliofadhiliwa na serikali ya Ujerumani. Moja ya kazi zao ilikuwa kujibu swali rahisi kuuliza na gumu kujibu: msitu huu ulikuwa mkubwa kiasi gani zamani? Wakatafuta ramani za mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wakapata picha zilizopigwa kutoka kwa ndege mwaka wa 1948. Wakaweka na picha za setilaiti kuanzia miaka ya 1970. Halafu wakafanya jambo ambalo afisa wa 1933 hakulifanya: wakaenda kwa wazee. Wakawauliza nani alikata wapi, kiwanda gani cha mbao kilikuwa wapi, msitu ulifika wapi. Picha ikionyesha doa tupu, mzee anaeleza doa lilitoka wapi. Setilaiti inaona kwamba mti umeondoka. Haioni aliyeuondoa wala leseni aliyokuwa nayo.

Jibu lilikuwa la kusikitisha: kwa muda wa karibu miaka 90, msitu wa Kakamega na jirani zake wa Nandi umepoteza eneo kubwa na kurudishiwa kidogo.

Linganisha hapo na Guinea, Afrika Magharibi. Katika eneo la Kissidougou, vijiji vimezungukwa na vipande vya msitu katikati ya nyasi. Kwa karibu miaka mia wataalamu wa kikoloni na waliowafuata walisema: hayo ni mabaki, wanakijiji wamemaliza msitu. Sera zikatungwa, watu wakatozwa faini. Miaka ya 1990 watafiti James Fairhead na Melissa Leach wakachukua picha za zamani za ndege, wakazilinganisha na mpya, wakakaa na wazee. Kumbe ni kinyume. Vile vipande vya msitu vilipandwa na kutunzwa na wanakijiji wenyewe. Msitu ulikuwa unaongezeka. Watu waliadhibiwa kwa kuharibu kitu walichokitengeneza.

Njia ileile, majibu mawili tofauti. Kissidougou wazee waliwasafisha wanakijiji. Kakamega walisaidia kuthibitisha hasara, na wengine walitaja hata mikono ya watu wa hapa. Ndiyo maana nawaambia kundi la "tusikilize wazee tu": mzee si malaika, ni shahidi. Shahidi unamsikiliza, halafu unamlinganisha na picha. Na picha nayo unailinganisha na mzee.

Mfano wa pili unauzwa dukani. Pembezoni mwa msitu kuna Muliru Farmers Conservation Group. Wakulima hawa walikuwa wanajua mmea fulani wa jamii ya mrihani ambao majani yake yamekuwa dawa ya mafua na maumivu tangu enzi za kukhu. Badala ya kuumaliza msituni wakaanza kuupanda shambani. Wataalamu wa ICIPE na Chuo Kikuu cha Nairobi wakaingia: kukamua mafuta, kupima, kuandikisha dawa kisheria. Ikatoka mafuta ya kujipaka yanayoitwa Naturub. Mwaka wa 2010 kikundi hicho kilishinda Equator Prize ya Umoja wa Mataifa. Hapo maabara haikuja kumfundisha mkulima kwamba hajui kitu, na mkulima hakuikataa maabara. Kila mtu alileta kipande chake mezani, na mwenye shamba akapata pesa.

Kujua hakutoshi

Kuna mtu atauliza: kama sayansi ikisema wazi kabisa, si serikali itasikia tu? Muulize mtu wa Minamata, Japani. Mwaka wa 1956 watu wa mji huo wa wavuvi walianza kuripotiwa na ugonjwa wa ajabu: kutetemeka, kushindwa kutembea, kufa. Kabla yao paka walikuwa wamepagawa na kuanguka baharini, na wavuvi waliliona hilo mapema kuliko daktari yeyote. Kufikia 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wameshasema ni zebaki kwenye samaki. Zebaki hiyo ilitoka kiwandani, kampuni ya Chisso. Serikali ilikubali rasmi lini? 1968. Miaka tisa jibu lilikuwa mezani, na maji machafu yaliendelea kwenda baharini, kwa sababu kampuni ilikuwa na nguvu na wavuvi walikuwa maskini.

Kwa nini nakuambia mambo ya Japani? Kwa sababu zebaki iko hapa. Katika migodi yetu midogo midogo watu wanaichanganya na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, halafu wanaichoma, moshi unaingia puani. Wengi wanaoosha na kusaga ni akina mama, na watoto wako karibu. Sayansi ya zebaki ilishakamilika zamani sana. Kinachokosekana ni uamuzi: nani atamletea huyo mama njia nyingine ya kutenganisha dhahabu ambayo haitamfukuza kazini? Ukija na askari tu umejibu nusu. Ukija na huruma tu, bila kupima maji na damu, umejibu nusu nyingine.

Sasa, sisi

Leo tuna kitu ambacho watu wa 1932 hawakuwa nacho. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 35 kinakupa haki ya kupata habari. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi mkubwa kama mgodi ufanyiwe tathmini ya athari, ripoti ipelekwe NEMA, na umma upewe nafasi ya kutoa maoni kabla ya leseni. Sheria ya misitu inawatambua wananchi wa kando ya msitu kupitia vyama vyao.

Na maamuzi yenyewe yako mlangoni. Kule Isulu na Bushiangala, Ikolomani, dhahabu imekuwa ikitafutwa kwa mashine za kisasa. Tangu 2020 mradi huo uko mikononi mwa Shanta Gold, walioununua kutoka Barrick. Watu wanaogopa kuhamishwa, na wengine wanatamani kazi, na wote wana sababu. Kwenye msitu, uzio wa umeme una wanaoutaka na wasioutaka ndani ya boma moja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo iligoma. Sina shahada ya jiolojia wala ya misitu, na sitajifanya ninayo. Lakini kuuliza hakuhitaji shahada, na hapa kuna maswali ambayo mtu yeyote wa Lurambi, Shinyalu au Ikolomani anaweza kuyabeba hadi kwenye baraza:

Kuhusu dhahabu: Maji ya visima na mito yamepimwa kabla mtu hajaanza kuchimba, ili baadaye tuwe na cha kulinganisha? Vipimo hivyo vitawekwa wapi ambapo mwananchi ataviona? Anayehamishwa anapewa ardhi au pesa, na nani alikadiria? Mgodi ukifungwa, pesa za kufukia mashimo ziko kwenye akaunti gani tangu siku ya kwanza? Hilo la mwisho ni swali la Rosterman. Tuliuze mapema safari hii.

Kuhusu uzio: Utakuwa na milango mingapi, na itakuwa wapi? Mama wa kuni, mwenye mizinga ya nyuki na wale wa tohara watapitia wapi? Mpaka utafuata ramani gani, na aliye jirani ameiona? Nyaya zikikatika nani analipa? Na baada ya miaka mitano tutajuaje kama msitu umerudi: nani atapima?

Ukiangalia, maswali hayo yamechanganyika. Mengine ni ya maabara, mengine ni ya baraza. Ukimpata afisa anayejibu ya maabara tu na kukasirika ukimuuliza ya baraza, ujue umerudi 1932. Ukimpata mwanasiasa anayepiga kelele za baraza na hataki hata kusikia vipimo, huyo naye anakuuza, ni bei tu hujaambiwa.

Najua ripoti za tathmini ni ndefu na ni za Kiingereza kigumu. Hilo nalo ni jambo la kudai: muhtasari kwa Kiswahili, na usomwe kwa Kiluhya barazani, kwa sababu maoni ya mtu ambaye hakuelewa alichoulizwa si maoni. Sisi vijana wenye simu tuna kazi hapo. Gawaneni kurasa. Mmoja asome sehemu ya maji, mwingine ya kuhamishwa kwa watu, mwingine ya kufunga mgodi. Msiporidhika, andikeni barua, na muweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Baraza ikiitwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, hata mmoja wenu aende akaandike nani alisema nini.

Ile Desemba ya 1932 Kakamega haikuwa na kiti mle ndani. Sasa kiti kipo, ni kile cha plastiki chini ya hema la kukodi, na kawaida unakuta wazee kumi wamekaa wanangoja soda. Sisi hatuko.

Twendeni tukakae.